Zipu Iliyokaa Upande

Miaka michache iliyopita niliandika makala kuhusu madereva wa bodaboda wa Mbeya, na ndani yake kuna sentensi moja ambayo leo ningelipa hela ili ifutwe. Nilisema wanavaa makoti nyuma mbele "kama watu waliokatikiwa umeme wakiwa wanavaa". Mhariri alicheka, wasomaji wakacheka, nami nikajiona fundi wa lugha. Nilikuwa nimeona kitu, nikakipachika tashibiha, nikapita zangu. Sikujiuliza swali ambalo mhakiki yeyote anapaswa kuanza nalo: hiki kimewekwa hapa kwa kazi gani?

Jibu nililipata mwaka uliofuata, mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, nikitoka Uyole kuwahi basi mjini. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa saba hahitaji kuelezwa hiyo baridi. Mimi nilijificha nyuma ya mgongo wa dereva. Yeye hakuwa na wa kujificha nyuma yake. Alikuwa amevaa jaketi zito la mtumba, mgongo wa jaketi uko kifuani. Nikamuuliza kwa nini.

"Kaka, zipu inapitisha upepo," akasema bila kugeuka. "Mgongoni hakuna zipu."

Nilinyamaza njia nzima. Kumbe kile nilichokiita kichekesho kilikuwa ni uhakiki: mtu amelichunguza vazi, ameona udhaifu wake uko wapi, akaurekebisha bila sindano wala uzi.

Baadaye, nilipoanza kufuatilia historia ya jaketi la pikipiki, niligundua kwamba udhaifu huohuo ulishawashughulisha washonaji wa mbali. Mwaka 1928, jijini New York, Irving Schott wa kampuni ya Schott Bros. alibuni jaketi la ngozi kwa ajili ya waendesha pikipiki, akaliita Perfecto, jina la aina ya sigara kubwa aliyoipenda. Liliuzwa dola 5.50 kwa muuzaji wa pikipiki za Harley-Davidson huko Long Island. Kutoka hapo likakua lile umbo tunalolijua sote hata kama hatujawahi kuligusa: jeusi, fupi, kola pana, mkanda kiunoni, na zipu iliyokwenda upande.

Hebu tulisome taratibu. Zipu ya katikati ina matatizo mawili. Upepo unapenya katikati ya meno yake, na ukiinama kuelekea tangi la mafuta inajikunja na kukuchoma tumboni. Zipu ya upande inaruhusu kipande kipana cha ngozi kupita chini yake, kwa hiyo upepo ukishapenya meno unakutana na ngozi nyingine. Kwa maneno mengine, mshonaji wa New York na dereva wa Uyole wamejibu swali moja. Wote wameuondoa mlango mahali upepo unapogonga.

Kola nayo ina vifungo vya chuma vya kubonyeza. Wengi hudhani ni urembo wa kung'aa, lakini kola pana isiyofungwa, pikipiki ikishika kasi, itakuchapa usoni. Zipu za mwisho wa mikono zinafunguka ili glavu iingie, kisha zinafungwa ili mikono isijae hewa kama puto. Mfuko wa kifuani umekatwa mshazari kwa sababu mtu aliyekaa hawezi kuingiza mkono kwenye mfuko ulionyooka kama anavyofanya akiwa amesimama. Jaketi ni fupi ili lisijikusanye mapajani, na mkanda unaziba upepo unaotoka chini. Mgongoni, kwenye mabega, baadhi yameshonwa marinda yanayofunguka unaponyoosha mikono kushika usukani. Na ngozi yenyewe ni nene kwa ajili ya siku ambayo hakuna anayeiombea, siku ya kuburuzwa kwenye lami.

Hapa niwe mkweli: suluhisho la dereva wangu lina gharama. Ukigeuza jaketi, mifuko inakuwa mgongoni usikoifikia, marinda yanakaa kifuani bila kazi, na mgongo unabaki wazi ukianguka. Lakini yeye anajua hatari inayomkuta kila alfajiri ni baridi, na amechagua. Ndivyo msomaji mzuri anavyofanya, anachukua anachokihitaji.

Wala si kila kitu kwenye jaketi hili kina kazi. Vile vipande vya mabegani asili yake ni jeshini, vya kuzuia mikanda ya mizigo isiteleze na kuonyesha cheo. Kwenye pikipiki vimebaki kama neno la kale ndani ya shairi: maana imefifia, mlio unapendeza. Mwaka 1953 Marlon Brando alivaa jaketi la namna hii kwenye filamu ya The Wild One, na mabegani pake kuna nyota. Hazimpi cheo chochote, na nadhani hiyo ndiyo dhihaka yenyewe. Uingereza wakaguzi waliizuia filamu hiyo mpaka 1967. Kwenye jalada la albamu ya kwanza ya Ramones, 1976, vijana wanne wamesimama ukutani na majaketi yao ya ngozi. Pikipiki haipo hata moja. Vazi lilishahama barabarani.

Sina ugomvi na hilo. Kuonekana nako ni kazi. Ugomvi wangu ni na jaketi nililonunua mwenyewe Mwanjelwa, kwenye mtumba, baada ya safari ile. Lilikuwa na zipu tano. Nikafungua moja niweke funguo: hakuna mfuko! Zipu imeshonwa juu ya kitambaa, basi. Za mikononi hazifunguki kabisa. Aliyelishona aliliangalia jaketi kama mimi nilivyomwangalia yule dereva.

Na sisi waandishi tuna zipu za namna hiyo nyingi. Muhuni kwenye hadithi zetu lazima avae koti la ngozi, mwandishi akishalitaja amemaliza. Koti halimkingi mtu na baridi, halina kitu mfukoni, halichaniki. Ukilitoa, hadithi haipungukiwi. Mimi nafuu hata hao, hadithi zao hazimdhihaki mtu aliye hai. Yangu ilimdhihaki mtu aliyekuwa anatafuta riziki kwenye baridi, kwa jambo alilolielewa kuliko mimi.

Basi ukienda mtumbani ukaliona jaketi la namna hii, usikimbilie kioo. Livae, kaa kwenye kiti, nyosha mikono mbele kama umeshika usukani. Fungua kila zipu uone inaenda wapi. Kisha, ukiwa na ujasiri, rudi nyumbani ukafanye hivyohivyo kwenye ukurasa wako wa mwisho ulioandika.