Maswali ya Mgeni na Majibu ya Wenyeji: Juu ya Kitabu cha Margaret Mead cha Samoa

Walimu wengi wanaotuandikia juu ya desturi za watu wao hutuletea majibu bila maswali. Twasoma kwamba watu wa mahali fulani huoa hivi, huzika hivi, humpa mtoto jina hivi. Wala hatuambiwi ni nani aliyeulizwa, aliulizwa na nani, kwa lugha gani, na ni akina nani waliokuwapo wakisikiliza. Khabari ya namna hiyo yafanana na ushahidi ulioletwa barazani bila shahidi. Ili kuonyesha uzito wa jambo hili, twataka kupima kitabu kimoja ambacho kimesomwa sana katika elimu ya desturi za watu, pamoja na mashindano yaliyozuka juu yake. Nacho ni kile cha Margaret Mead, bibi wa Marekani, kilichopigwa chapa mwaka 1928 kwa jina la Coming of Age in Samoa, yaani khabari za wasichana wa Samoa wanavyokua na kuwa watu wazima.

Samoa ni visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Wamisioni wa kwanza wa chama cha London walifika huko mwaka 1830, na alipofika Bibi Mead, mwezi wa Agosti mwaka 1925, watu wa huko walikuwa Wakristo tangu zamani, na mchungaji alikuwa mtu wa heshima katika kijiji. Yeye alikuwa na umri wa miaka 23. Mwalimu wake, Franz Boas wa chuo cha Columbia, New York, alikuwa amempa swali moja: je, machafuko ya moyo yawapatayo vijana wa Marekani wakati wa kubalehe yatokana na mwili wenyewe, ambao ni mmoja kwa watu wote, ama yatokana na malezi? Kama yatokana na mwili, basi hata wasichana wa Samoa watakuwa nayo. Kama hawanayo, sababu ni malezi. Swali hili ni zuri, maana linaweza kujibiwa kwa kwenda na kutazama.

Jinsi alivyofanya kazi ni hivi. Kwanza alikaa Pago Pago majuma kadha akijifunza lugha. Kisha mwezi wa Novemba akavuka kwenda kisiwa cha Ta'ū, akafikia nyumba ya dawa ya jeshi la maji la Marekani, akakaa na jamaa ya Mmarekani aliyeitunza. Wasichana wakawa wakija barazani kwake kuzungumza, kucheza na kuulizwa. Aliwaandika wasichana 68 wa vijiji vitatu, umri wao, nyumba wanamokaa, na mambo ya siri yao. Akawapa na vipimo vidogo vya akili. Tarehe 1 Januari 1926 tufani kubwa ilibomoa nyumba nyingi, na watu wakashughulika na kujenga. Mwezi wa Aprili akaondoka Ta'ū. Jibu alilolileta kwao ni kwamba msichana wa Samoa hukua kwa utulivu, bila mashaka makubwa, na kwamba mambo ya mapenzi kabla ya ndoa huko si mzigo mzito wa dhamiri.

Twataka kwanza kumpa haki yake. Bibi huyu alikwenda mwenyewe. Hakukaa mjini akaandika yale aliyoletewa na mabaharia. Alijifunza lugha kiasi alichoweza. Aliwauliza wasichana, watu ambao waandishi waliomtangulia hawakuwajali, maana walizoea kuwauliza machifu na wazee tu. Aliwafichia majina yao, wasiaibishwe. Tena mwishoni mwa kitabu aliongeza maelezo ya namna alivyofanya kazi, na jedwali la wasichana wenyewe mmoja mmoja. Kwa ajili ya maelezo hayo twaweza leo kumhukumu. Mwandishi asiyesema alivyofanya hawezi kuhukumiwa, wala kwa sababu hiyo hastahili kusadikiwa.

Lakini ndani ya kitabu hicho hicho mna kasoro. Jedwali ni la uangalifu, na maneno ya sura si ya uangalifu. Katika jedwali twaona kwamba wasichana si wachache hawakuwa wamemjua mwanamume, na kwamba waliokaa katika nyumba ya mchungaji walilindwa sana. Katika sura, msichana wa Samoa asemwa kana kwamba ni mmoja, mwepesi wa mapenzi na mwenye raha. Tena sura mbili za mwisho si za Samoa, bali ni mafundisho kwa wazazi na walimu wa Marekani juu ya kulea watoto wao. Wahenga wetu walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Bibi Mead aliiwamba ngoma ya Samoa, na ngozi akaivuta upande wa Marekani.

Mwaka 1983, miaka mitano baada ya Bibi Mead kufariki, alitokea Derek Freeman na kitabu cha kumpinga. Bwana huyu alikuwa amekaa Samoa ya Magharibi tangu mwaka 1940 hata 1943, akaijua lugha vizuri, akafanywa mwana katika jamaa ya chifu, akapewa na cheo. Akarudi tena baadaye. Alisema kwamba Wasamoa hulinda ubikira kwa ukali, kwamba vijana wao wana machafuko kama vijana wengine, na akaleta hesabu za polisi na za mahakama kuwa ushahidi. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule chama cha wataalamu wa elimu hii Marekani kilikutana Chicago, na waliohudhuria wakapiga kura kwamba kitabu cha Freeman si cha kitaalamu. Sisi twaona kura hiyo ilikuwa kosa. Kura huchagua mwenyekiti; haiwezi kuamua kama msichana wa Ta'ū alilala wapi mwaka 1926. Neno la mtaalamu hujibiwa kwa ushahidi.

Ndipo alipotokea shahidi. Mwaka 1987 bibi mzee wa Samoa, jina lake Fa'apua'a Fa'amū, alisema mbele ya watengeneza filamu kwamba yeye na mwenziwe, Fofoa, walifuatana na Bibi Mead katika ujana wao. Alipowauliza mambo ya usiku na wanaume, walibanana vidole, wakamjibu kwa mzaha kwamba hutoka na wavulana. Hawakudhani kwamba atayaandika. Baadaye aliapa kwa Biblia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Freeman akasema hapo ndipo chanzo cha kosa lote, katika safari ya kisiwa cha Ofu mwezi wa Machi 1926. Akaandika kitabu cha pili juu yake, kilichotoka mwaka 1999.

Msomaji wa nchi zetu hatastaajabu kwa jambo hili kama walivyostaajabu Wazungu. Sisi twajua utani. Mtani aweza kumtukana mtani wake hata penye msiba, akacheka karibu na jeneza, wala hapana mfiwa anayekasirika, maana kila mtu ajua kwamba hayo ni mambo ya utani. Mgeni aliyeyasikia maneno yale bila kuijua desturi yenyewe atakwenda kuandika kwamba watu hawa hawana heshima kwa maiti. Sikio lake halikukosea hata neno moja, na alichokiandika ni uongo mtupu. Vile vile aulizaye neno la aibu, tena kwa watu wasio na njia ya kukataa kwa adabu, huwafungulia mlango mmoja tu, nao ni mzaha. Kucheka ndiko kukataa kwao.

Hata hivyo yatupasa tusikimbilie kusadiki. Wengine waliofungua madaftari na barua za Bibi Mead, yaani Martin Orans aliyeandika mwaka 1996, na Paul Shankman aliyeandika mwaka 2009, hawakuona kwamba maneno ya Fa'apua'a ndiyo yaliyokuwa msingi wa kitabu. Yeye hakuwa mmoja wa wale wasichana 68; alikuwa taupou, yaani binti wa heshima wa kijiji ambaye ubikira wake hulindwa na watu wote, na Bibi Mead aliijua desturi hiyo, akaiandika. Orans aliona kasoro ya namna nyingine: madai makubwa ya kitabu yalikuwa mapana mno, hata hayakuweza kupimwa na mtu kuonekana kweli au uongo. Twaona neno hili ni zito kuliko la mzaha. Aliyedanganywa aweza kusahihishwa. Asemaye neno lisilopimika hawezi kusahihishwa na mtu.

Na Freeman naye, je, alikuwa katika hali gani ya kusikia? Alikaa kisiwa kingine, wakati mwingine, chini ya serikali nyingine. Alikuwa mwanamume mwenye cheo kati ya machifu. Machifu wakiulizwa juu ya binti zao husema yale yapasayo kuwa, nao husema kwa moyo mweupe kabisa. Binti mbele ya msichana mwenziwe husema mengine. Hapana sababu ya kudhani kwamba mmoja wao ndiye Samoa yenyewe na wa pili ni mwongo. Na yule bibi mzee alikuwa akisema mambo yaliyopita miaka 61, akijua kwamba nchi yake imeaibishwa mbele ya ulimwengu kwa kitabu kile. Sisi hatumwiti mwongo. Twasema tu kwamba hata yeye alikuwa akijibu swali la mgeni, na mgeni wa mara ya pili alikuwa na haja yake kama wa kwanza.

Wala kosa hili si la wageni peke yao. Sisi wenyewe zamani tulikwenda kwa akina mama wazee wa mtaa tuliokuwa tukifundisha, na karatasi yenye maswali ishirini juu ya kumpa mtoto jina. Kila swali lilijibiwa, "Ndiyo, mwalimu." Tukafurahi, tukaandika. Jioni mama mmoja akamwambia mke wetu kwamba walikubali yote kwa sababu mwalimu alionekana amechoka na jua, wakaona si adabu kumkatalia. Na maswali mengine hawakuyaelewa. Karatasi ile tuliichana. Tulikuwa wa lugha ile ile na dini ile ile, nao walikuwa wakituheshimu. Na heshima yenyewe ndiyo iliyotunyima khabari.

Labda atasema mtu, basi wenyeji waandike mambo yao wenyewe. Njia hii ni njema, nasi tunao mfano wake. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903 kilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Kiswahili chake ni kizuri, na mambo ayasemayo ayajua tangu utotoni. Lakini hata mwenyeji ana mahali pake pa kutazamia: mwanamume mwenye elimu ya chuoni hakuingia kila mahali walipoingia wanawake na watumwa. Tena jina lililokaa juu ya kitabu kwa miaka mingi ni la Velten, mpaka watu wa baadaye walipomrudishia Mtoro haki yake.

Sasa twaseme yale yawapasayo walimu na wachungaji. Kwanza, liandikwe swali pamoja na jibu, kwa maneno yale yale yaliyotumika. Pili, litengwe lililoonekana kwa macho na lililosikiwa kwa masikio, hata msomaji ajue lipi ni lipi. Tatu, jambo moja liulizwe kwa watu wa hali mbalimbali, mwenye cheo na asiye nacho, mwanamume na mwanamke; na wakipingana, yaandikwe yote mawili, maana kupingana kwao ni khabari nayo. Nne, msiandike neno "wote" mahali mlipohesabu wachache.

Jambo la tano twalikazia kuliko yote. Bibi Mead alikuwa mgeni wa miezi michache, na msichana asiyetaka kuulizwa aliweza kutokwenda barazani kwake. Mtoto wa shule hawezi kutokwenda kwa mwalimu wake. Anayempa alama, anayemfahamu baba yake, anayeweza kumfukuza darasani, akimwuliza mambo ya unyago au ya siri za nyumbani, mtoto atajibu, na jibu lake litakuwa la hofu au la kupendeza, halafu atarudi nyumbani akiwa amewasaliti wakubwa wake au amemdanganya mwalimu. Khabari iliyopatikana hivyo haifai kupigwa chapa, hata ikiwa ni ya kweli. Mambo hayo na waulizwe wenye haki ya kuyasema, nao wasomewe yaliyoandikwa kabla hayajaletwa kwetu, waseme kama ndivyo walivyosema, na kama wakubali yatoke.

Kitabu cha Samoa twashauri kisomwe bado, na kianze kusomwa kwa maelezo ya mwisho na jedwali, kisha ndipo sura. Na walio na khabari tayari mkononi wasizitupe. Warudi kwa wale waliowaambia, na majina ya maswali yaliyosahauliwa wayatafute, kisha watuletee vyote pamoja.