Ngoma Ikilia Sana: Likembe ya Umeme, Vijana wa Panki, na Sisi Wenye Mila



Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma juu ya jando, juu ya mahari, juu ya heshima ya wakwe. Leo naomba ruhusa ya kusema juu ya kitu ambacho wengi watauliza kinatafuta nini ndani ya kijitabu cha mila: makelele ya vijana. Nitaanza na jambo lililotokea hapa kwetu, maana mimi mwenyewe niko ndani ya kosa.

Tulipokuwa tunatayarisha sikukuu yetu ya mwisho, vijana wanne walikuja mbele ya kamati. Walileta likembe mbili walizozifunga waya, bafle moja iliyotolewa katika radio iliyokufa, na batri ya pikipiki. Wakapiga. Sauti ilitoka ikikwaruza sawa vile bati linavutwa juu ya mawe. Muzee mmoja alishika masikio, akasema: «Ngoma ikilia sana hupasuka.» Watu wakacheka. Tukapiga kura, na mimi nilinyoosha mkono pamoja na wale waliokataa. Sababu tuliyoandika ilikuwa fupi: hii si mila. Kijana mmoja akauliza polepole: «Baba, na hii wimbo si ya babu yangu?» Hakuna aliyemujibu. Wimbo ulikuwa wa babu yake kweli.

Swali hilo halikuniacha nilale. Ndiyo sababu nimerudi kusikiliza albamu moja ya Kinshasa, na kusoma juu ya wale vijana wa Ulaya ambao dunia iliwaita punk. Nataka kupima vitu viwili hivi pamoja, kiisha nirudi kwa wale vijana wanne.

1. Neno lenyewe

Hapa kwetu neno hili lilifika kwa njia ya kichwa, si kwa njia ya sikio. Ndugu zetu waliokimbia vita vya 1996 na 1998, wakavuka ziwa mpaka kambi za Lugufu na Nyarugusu, walikuta vijana wa Tanzania wanaita mtindo fulani wa kunyoa nywele «panki». Wengine wakarudi nayo. Wazazi waliona nywele, wakasema uhuni umefika, na mazungumzo yakaishia pale.

Lakini panki ilianza kuwa muziki. Mwaka 1976, huko New York, kundi la Ramones lilitoa albamu yake ya kwanza: nyimbo fupi, za haraka, zisizo na mapambo. Mwaka ule ule, London, wakatokea Sex Pistols na The Clash. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na vijana wengi wasio na kazi, na muziki wa rock uliokuwa unatamba ulidai vyombo vya bei kali na miaka ya kujifunza. Wale vijana wakasema: tutapiga na kidogo tunachokijua, na vyombo hivi hivi tulivyo navyo. Nguo walipasua wenyewe wakazishika kwa pini. Magazeti waliandika wenyewe wakayatoa kwa fotokopi, kama lile la Mark Perry lililoitwa Sniffin' Glue, la mwaka 1976. Hawakungoja kupewa ruhusa na mtu.

Tusiwapambe kupita kiasi. Kulikuwa na matusi, kutemeana mate, madawa, na wengine walivaa alama ya Hitler ili tu kuwachokoza wazazi wao. Hilo ni baya na litabaki baya. Lakini ukitoa povu juu ya sufuria, chini kuna chakula: mtu asiye na kitu anaweza kutengeneza sauti yake mwenyewe.

2. Muzee Mingiedi na sumaku ya gari

Sasa tuje Kongo. Mawangu Mingiedi alikuwa Muzombo, wa kabila linaloishi pande za mpaka wa Angola. Alikuja Kinshasa, na katika miaka ya 1960 akaunda kundi la likembe lililoitwa Konono No. 1. Alikutana na shida ambayo kila mwana kijiji anayehamia mji anaijua. Likembe ni chombo cha sauti ndogo. Kinatosha pembeni ya moto, watu wakinyamaza. Katika barabara ya Kinshasa, kati ya magari, baa na makanisa, nani atakisikia?

Muzee hakubadili chombo. Alikipa umeme. Alichukua sumaku kutoka ndani ya vipande vya magari mabovu, akatengeneza mikro za mkono, akaziunga na likembe. Sauti ikatoka katika megafoni kubwa, za namna iliyotumiwa zamani kutangaza amri za serikali ya kikoloni. Vyuma vya magari na sufuria vikawa vyombo vya kugonga. Likembe zilikuwa tatu: moja ya sauti nene, moja ya katikati, moja ya juu. Vifaa vile vilikuwa vinakwaruza, na mukwaruzo haukutafutwa. Ulikuja wenyewe, na wapigaji wakaupokea, wakajifunza kuupiga kama sehemu ya wimbo.

Mwaka 2004 kampuni ya Crammed Discs ya Bruxelles ilitoa albamu yao Congotronics, iliyotayarishwa na Mubelgiji Vincent Kenis. Wazungu walishangaa. Kundi la Uholanzi The Ex, lililozaliwa katika panki mwaka 1979, lilikuwa limewapenda tayari, na katika albamu yake Turn ya mwaka ule ule wa 2004 lilipiga wimbo uliotoka kwa Konono. Mwaka 2007 Björk, mwimbaji wa Iceland, aliwaita katika albamu yake Volta. Mwaka 2011 wimbo wa Herbie Hancock walioshiriki ulipata tuzo ya Grammy. Mingiedi alifariki mwaka 2015, akiwa muzee mwenye heshima.

Albamu yenyewe ina thamani gani? Nitasema ninavyosikia. Wimbo wa kwanza, «Kule Kule», unaanza kama mtu anayejaribu mlango. Kiisha likembe nene inaingia, na toka hapo hakuna njia ya kurudi nyuma. Uzuri wake ni uvumilivu. Kipande kidogo kinarudiwa, kinarudiwa tena, mpaka sikio linaanza kusikia vitu vilivyokuwa vimejificha ndani yake. Kila mtu aliyewahi kukesha kwenye ngoma ya kijiji anaijua hali hiyo: saa ya kwanza unasikia ngoma, saa ya tatu ngoma inakusikia wewe.

Upungufu nao uko. Sauti za waimbaji mara nyingine zinamezwa na vyuma, na asiyejua Kikongo anabaki mlangoni. Tena, huu ni muziki wa miguu. Mtu anayeusikiliza akiwa amekaa kwenye kiti atachoka mbele ya nusu saa. Hilo si kosa la wapigaji. Ni kwamba albamu inakata ngoma na kuiondoa kwenye kiwanja chake.

3. Sifa inayonyang'anya jina

Hapa nina ugomvi na waandishi wengi wa Ulaya. Waliposikia ule mukwaruzo, walisema: hawa ni punk wa Afrika. Walitaka kusifu. Lakini sifa hiyo inafanana na mtu anayemukuta baba yako akilima, akamwambia: «Hongera, unalima kama mutoto wangu.»

Tofauti ni kubwa. Kijana wa London alipasua nguo ambayo angeweza kuishona. Alitafuta sauti mbaya kwa kusudi, ili kuachana na wazazi. Mingiedi alitafuta sauti safi, akapata inayokwaruza, akaikubali ili asiachane na wazazi. Mmoja alikata kamba, mwingine aliirefusha mpaka ifike mji. Kuwaita kwa jina moja ni kusikiliza bafle peke yake bila kusikiliza wimbo.

Lakini haki pande zote: wale Waholanzi wa The Ex hawakukosea walipowatambua. Walitambua mikono. Mtu aliyewahi kutengeneza chombo kwa takataka anamjua mwenzake, hata kama hawasemi luga moja. Kwa mikono ni ndugu. Kwa kusudi ni majirani.

4. Je, ngoma ya watoto haikeshi?

Wazee husema ngoma ya watoto haikeshi. Juu ya panki, methali hii imeshindwa. Tangu 1976 hata leo bado iko, na mahali pengi imekuwa ya watu wenye shida kweli. Afrika ya Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, kundi la National Wake, lililoanza mwaka 1979, lilikuwa na weusi na weupe katika jukwaa moja, kitu ambacho sheria za nchi hazikutaka kukiona. Banda Aceh, katika Indonesia, mwezi wa 12 mwaka 2011, polisi walikamata vijana wa panki zaidi ya 60 kwenye muziki, wakawanyoa vichwa na kuwaosha ziwani, wakisema wanawarudisha kwenye maadili. Urusi, mwaka 2012, wanawake watatu wa Pussy Riot walihukumiwa miaka miwili kila mmoja kwa sababu ya wimbo dhidi ya Putin walioupiga ndani ya kanisa kuu la Moscow. Juu ya mahali walipochagua kupiga, mimi sikubaliani nao. Nyumba ya sala ni nyumba ya sala. Lakini miaka miwili kwa wimbo ni bei inayoonyesha nani aliogopa.

Hata hapa kwetu tumeiona hali hiyo bila kuiita panki. Zaïko Langa Langa walipoanza Kinshasa mwaka 1969, walikuwa wanafunzi na watoto wa mji. Walitupa tarumbeta za wakubwa, wakaweka mbele gita na ngoma kavu ya haraka. Kuna wakubwa waliosema ni makelele. Leo muzee wa miaka 60 akisikia Zaïko kwenye radio, anapanguza machozi na kusema: «Huo ndio ulikuwa muziki!» Makelele ya jana ndiyo mila ya leo. Mobutu naye alipokataza suti na tai, Papa Wemba na wenzake wa Sape walizivaa kama upinzani wao. Ni kinyume cha panki: kule walipasua nguo, huku walizipiga pasi. Lakini neno ni moja: mwili wangu si ukuta wa kubandika amri zako.

5. Na sisi, tulisahau nini?

Wasomaji wangu, tukumbuke jambo moja. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga marufuku bwami, chama ambacho sisi Wabembe tunakijua pamoja na ndugu zetu Walega. Waliita nini? Fujo. Mambo ya gizani. Hawakukaa kuuliza kile wimbo ulikuwa unafundisha, wala kile kitu cha mbao kilikuwa kinasema nini. Walisikia kelele, wakafunga mlango.

Nilipokumbuka hilo, mkono wangu ule wa kura uliona haya. Tulihukumu likembe ya wale vijana kwa sauti ya bafle, sawa na namna wengine walivyotuhukumu sisi.

Sisemi kila kelele ni mila. Kuna vijana wanaopiga muziki wa simu usiku kucha karibu na kilio, na hao wanastahili kukemewa. Lakini tukitaka kupima, tupime kwa maswali yenye maana. La kwanza: wimbo unatoka wapi, na mpigaji anajua kusimulia asili yake? La pili: mkono wake umetengeneza kitu, ao amenunua tu na kuiga? La tatu: wakati anapopiga, wakubwa na wadogo wanaweza kucheza kiwanja kimoja? Wale vijana wanne, kwa swali la kwanza na la pili wangepita. La tatu hatukuwapa nafasi ya kulijaribu.

Hatari yetu hapa Kilembwe si ukali wa bafle. Hatari ni kimya. Wazee wanaojua nyimbo wanakwenda mmoja mmoja. Vita vilitawanya watu. Vijana wanashuka kutafuta zahabu Misisi, na huko hawaimbi za babu. Wanne wanapanda wenyewe mpaka kwa kamati na wimbo wa babu mkononi, tena kwa batri waliyoilipa wao, na sisi tunawaambia: hii si mila. Kesho tutamfundisha nani?

6. Neno la mwisho

Naomba basi kamati yetu irudi kwenye kura ile. Vijana wapewe saa moja katika sikukuu ijayo, mchana, kiisha ngoma kubwa ya wazee ifuate. Mbele ya hapo wakae na muzee mmoja anayejua nyimbo, wajifunze maneno yote, si yale mawili matatu wanayoyarudiarudia. Muzee naye asikilize ile likembe ya waya mpaka mwisho, asishike masikio.

Ni kweli, ngoma ikilia sana hupasuka. Lakini ngoma inayotundikwa ukutani bila kupigwa, mchwa wanaikula, na hakuna anayesikia wakati inaanguka. Mimi nachagua ile ya kupasuka. Ngozi iliyopasuka inaweza kufungwa nyingine, kama wapigaji bado wako.

Kwa yule kijana aliyeuliza: ndiyo, mwanangu. Ni wimbo wa babu yako. Tulikosa kukujibu siku ile.