Sikio la Mwalimu: Kupima Kikao cha Kusoma na Mtoto Mmoja

Ukiingia katika darasa la mwaka wa pili mjini Kalemie, huku kwetu Kongo, usianze na ubao. Tazama mwalimu yuko wapi watoto wanaposoma. Ukimkuta kwenye benchi, bega kwa bega na mtoto mmoja, kitabu katikati yao, sogea usikilize.

Kikao kizuri ni cha dakika tano hivi, na mwenye kusoma ni mtoto. Mwalimu dhaifu hudakia neno kila mtoto anaposita. Hodari hunyamaza, akamwachia nafasi ya kurudi nyuma na kujisahihisha. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote.

Kisha angalia anavyopokea makosa. Kitabu kinasema "baba alivua migebuka", mtoto anasoma "baba alivua samaki": maana amebaki nayo, herufi hakuziangalia. Akisoma "mtumba" badala ya "mtumbwi", herufi amezifuata kiasi, hadithi imemponyoka. Makosa hayo hayarekebishwi kwa njia moja, na asiyeyatofautisha bado hajaiva. Kwetu kuna kosa la namna ya tatu. "Chura" likitoka "shura", mtoto amesoma Kiswahili kwa sauti ya Kifaransa. Kumkaripia ni dhuluma. Aonyeshwe kwamba ch ina sauti mbili, kila lugha na yake. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilizipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia madarasa ya mwanzo, lakini Kifaransa kinamsubiri mtoto mbele, na nyumbani huenda anaongea Kiluba au Kitabwa.

Kuhusu kitabu chenyewe, Marie Clay wa New Zealand alituachia kipimo cha kuaminika. Mtoto akipatia maneno 95 au zaidi katika 100, kitabu ni chepesi kwake. 90 hadi 94, kinafaa kumfundishia. Chini ya 90, kimemzidi. Vitabu vikikosekana, mwalimu mzuri huandika kifungu chake kwa mkono, chenye maneno ya ziwani na sokoni.

Mtoto akimaliza kusoma, swali la "umeelewa?" halina thamani, kwa sababu kila mtoto hujibu ndiyo. "Kwa nini baba alirudi pwani mapema?" ndilo swali.

Najua jibu la walimu: tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Ni kweli, na mzigo huo ni mzito. Lakini watoto watatu kwa siku ni kumi na tano kwa juma, na darasa la sitini humalizika kwa majuma manne, wenzao wakisomeana wawili wawili.

Mwishoni mwalimu afundishe jambo moja tu, aliandike pamoja na jina la mtoto. Enyi wakurugenzi wa shule, mnapokagua, ombeni daftari hilo kabla ya daftari la maandalio.