Nyota Tano na Haki ya Mwenyeji

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi mwenyeji aweza kupona au kuangamia kwa kidole cha mgeni anayebonyeza nyota katika simu. Mtindo huu nataka kuupima kwa mizani ya haki, hasa kwa wenyeji wa miji ya mbali kama wetu wa Kibondo. Hata gesti isiyojiandikisha popote yaweza kujikuta imewekewa nyota katika ramani ya Google.

Kampuni ya Airbnb, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, humtaka mgeni atoe nyota moja hadi tano. Mwenyeji hahesabiwi kuwa bora mpaka wastani wake ufikie 4.8. Hebu msomaji, tufanye hesabu. Mgeni mmoja akitoa nyota tatu, wanahitajiwa wengine tisa watoe tano tano ili wastani urudi 4.8. Akitoa moja, wanahitajiwa kumi na tisa. Mwenye nyumba Zanzibar huenda akawapata kwa msimu mmoja. Je, mwenye vyumba viwili Kibondo atawasubiri mpaka lini?

Tena, nyota nne katika tano ni asilimia 80. Katika mtihani wetu wa kidato cha nne, asilimia 75 ni A. Mgeni aliyesomea hapa nchini hutoa nyota nne akidhani amesifu, kumbe amemshusha mwenyeji wake. Kipimo kinachogeuza sifa kuwa lawama si kipimo tena.

Lipo jambo zito zaidi: nyota haisemi kosa ni la nani. Kwa miaka mingi umeme wa Kibondo ulitegemea mitambo ya dizeli, na vumbi jekundu la barabara ya Nyakanazi lilimfuata msafiri hadi chumbani. Mwenyeji aliyefagia mara mbili na kumchemshia mgeni maji ya kuoga angeweza kupata alama sawa na mvivu, kwa sababu tu taa zilizimika usiku. Ni kweli kwamba Airbnb huuliza pia juu ya usafi, mawasiliano na mahali, kila kimoja peke yake. Lakini nyota ya jumla hutolewa mbali na hizo, na wastani wa 4.8 hutokana na hiyo.

Sitetei uchafu. Mgeni aliyeumwa na kunguni ana haki ya kusema, na wanaomfuata wana haki ya kuonywa. Zamani onyo hilo lilipita kwa mdomo tu, kutoka dereva hadi dereva, na mgeni asiyejuana na mtu hakulisikia. Hapo nyota zimesaidia.

Lakini adhabu ikizidi kosa, mwenye huruma huacha kusema kweli: hutoa tano hata palipostahili tatu, na anayesoma hudanganyika. Nionavyo mimi, mgeni aulizwe tu yaliyo mikononi mwa mwenyeji, na kila anayepunguza nyota aandike sababu kwa maneno. Kwa maneno hayo mwenyeji aweza kujirekebisha au kujitetea. Kwa nyota tupu hawezi lolote.