Makumbusho Hai ya Bujumbura: Wanyama Wapo, Msitu Uko Wapi?

Makumbusho Hai ya Bujumbura yalianzishwa mwaka 1977. Kwa watoto wengi wa jiji letu, hapo ndipo wanapomwona mamba au nyoka mkubwa kwa macho yao kwa mara ya kwanza. Jambo hilo si dogo, kwani picha ya kitabuni haipumui. Makala haya hayakanushi sifa hiyo. Yanauliza tu mtoto anarudi nyumbani na elimu gani.

Kasoro ya msingi ya maonyesho ya aina hii ni kumtenga mnyama na makazi yake. Mtoto anajifunza jina la nyoka, kisha anajifunza kumwogopa. Haoni nyoka anakula nini, analiwa na nani, wala kwa nini anahitaji miti. Ajabu ni kwamba katika uwanja huohuo umejengwa mfano wa urugo, yaani boma la jadi la Warundi, na humo nyumba na ua vinaelezana. Binadamu ameonyeshwa pamoja na maisha yake. Mnyama ameonyeshwa peke yake.

Msitu wenyewe hauko mbali. Kibira, hifadhi ya taifa yenye takriban kilomita za mraba 400, iko milimani kaskazini-magharibi mwa nchi na inapakana na Nyungwe ya Rwanda. Huko ndiko liliko bwawa la Rwegura, lenye mtambo wa umeme wa megawati 18. Mtoto wa Buyenzi anayewasha taa jioni ili asome huenda anasomea maji ya Kibira bila kujua.

Kati ya msitu huo na jiji kuna miteremko ya Mumirwa, ambako miti imekatwa na mashamba yamepanda hadi juu. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilishusha maji na matope hadi Kamenge na Kinama, watu wengi wakafa. Mtoto wa mitaa hiyo hahitaji mamba ili aelewe umuhimu wa msitu.

Ndiyo maana napendekeza maonyesho yanayowafuata wanafunzi shuleni, kwani si kila mzazi ana nauli na kiingilio. Yasibebe wanyama. Yabebe mabeseni mawili ya udongo yaliyoinamishwa, moja tupu, jingine lenye majani na mizizi. Mwanafunzi amwagie maji yote mawili, kisha alinganishe rangi ya maji yanayotoka. Maelezo yatolewe kwa Kirundi na Kiswahili, lugha anazozungumza nyumbani na mtaani.

Huenda mtu akasema beseni la udongo halivutii kama mamba. Ni kweli. Lakini mamba anamshangaza mtoto tu, ilhali beseni linamfanya aulize kwa nini maji yaliingia nyumbani kwao. Makumbusho yetu yameweza la kwanza. La pili bado yanadaiwa.