Kugawa Mitambo si Kugawa Madaraka

Katika miaka ya karibuni limezuka kundi la wataalamu wa kompyuta, wengi wao wa Ulaya na Marekani, wanaodai kwamba dawa ya ubeberu wa makampuni makubwa ya mawasiliano imekwisha kupatikana. Dawa yenyewe, wanasema, ni mitandao ya kijamii isiyo na makao makuu. Badala ya watu wote kukusanyika katika uwanja mmoja wenye mwenyewe, kila kikundi kinaweka mtambo wake, yaani seva yake, na seva hizo zinasikilizana kwa kanuni ambazo hazina mmiliki. Aliyejiandikisha katika seva moja anaweza kumsoma na kumjibu aliye katika seva nyingine, kama vile mwenye sanduku la posta Mwanza anavyoweza kumwandikia mwenye sanduku la posta Lindi. Fikra hii imeanza kuwavutia baadhi ya wanafunzi wetu wa vyuo, na makada wengi huulizwa juu yake wasiwe na la kujibu. Si fikra ya kudharauliwa. Wala si ya kumezwa nzima nzima.

Tuanze na haki yao. Tarehe 27 Oktoba 2022 bepari mmoja, Elon Musk, alikamilisha ununuzi wa mtandao wa Twitter kwa dola za Marekani bilioni 44. Katika muda wa siku chache takriban nusu ya wafanyakazi walifukuzwa kazi. Ofisi ya Accra, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa nayo kampuni hiyo barani Afrika, ilipoteza karibu wafanyakazi wake wote mara tu baada ya kufunguliwa. Mamilioni ya watu duniani, wakiwamo waandishi wa habari, walimu na hata watumishi wa serikali, waligundua siku hiyo kwamba baraza walilokuwa wakiliita la umma lilikuwa mali ya mtu, na kwamba mali ya mtu huuzwa. Wengi wakakimbilia Mastodon, mtandao uliotolewa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani aitwaye Eugen Rochko. Mastodon hutumia kanuni za ActivityPub, zilizopitishwa mwaka 2018 na W3C, chombo cha kimataifa kinachopanga viwango vya intaneti. Kufika mwisho wa mwaka 2022 watumiaji wake kwa mwezi walikuwa takriban milioni mbili na nusu. Mwanzoni mwa 2023 wakaanza kupungua.

Kwa nini walipungua? Wapenzi wa mitandao hii wana jibu la haraka: wageni ni wavivu, wamezoea kulishwa, hawataki kujifunza. Jibu la namna hii makada tunalifahamu sana. Ni jibu la bwana shamba ambaye shamba la mfano limekufa, naye anasema wanakijiji hawana mwamko. Ukweli ni kwamba wageni wale walikuta uwanja ambao mitambo yake imegawanywa sana, lakini mwenye kauli ndani ya kila uwanja ni mmoja.

Tuitazame seva moja kwa hali yake halisi. Kwa kawaida kuna mtu aliyeikodisha kompyuta, akalipia jina lake, na kushika nywila zake. Ndiye anayeweka sheria, ndiye anayemfukuza mwanachama, na ndiye anayeamua seva yake ivunje uhusiano na seva gani nyingine. Hakuchaguliwa na mtu. Hana kikao anachowajibika kukipelekea taarifa ya mapato na matumizi. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na wengi wao ni watu wema. Lakini wema wa mwenye mali haujapata kuwa mfumo wa siasa. Mwezi Februari 2023 mwenye seva ya mastodon.lol, iliyokuwa na wanachama wapatao 12,000, alitangaza kwamba amechoshwa na chuki alizokuwa akitumiwa, na kwamba ataifunga baada ya miezi mitatu. Ilifungwa. Watu 12,000 hawakupigiwa kura wala wao hawakupiga.

Hapo tunaambiwa kwamba mwanachama ana uhuru wa kuhama. Ni kweli: katika Mastodon anaweza kuhamia seva nyingine akafuatwa na wale waliokuwa wakimsoma. Maandishi yake yanabaki alikotoka. Wazee wa Bukoba wanakumbuka nyarubanja. Mpangaji wa nyarubanja naye aliweza kuondoka kwa bwana wake akaenda kwa bwana mwingine, ila migomba na mibuni aliyoipanda kwa jasho lake haikuondoka naye. Serikali ilipoufuta mfumo ule katika miaka ya 1960, haikufanya hivyo ili kuwarahisishia wapangaji safari. Ilifanya hivyo ili ardhi isiwe ya bwana.

Sisi wa Tanzania tuna sababu ya pekee ya kuliangalia jambo hili kwa macho makavu, kwa kuwa tumekwisha kulipitia katika utawala wa nchi. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha Madaraka Mikoani. Maneno yake yalikuwa mazuri, na nia ya Mwalimu Nyerere katika maelezo yake ilikuwa wazi: uamuzi utoke Dar es Salaam uende karibu na wananchi. Mpango wenyewe ulitayarishwa kwa msaada wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani ya ushauri wa biashara, jambo ambalo lingetosha kumfanya mtu akune kichwa. Kilichofuata ni kwamba halmashauri za wilaya zilivunjwa, wakurugenzi wa maendeleo wakapelekwa mikoani na wilayani, na magari, mafaili na mafungu ya fedha yakaenda pamoja nao. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa vilevile, pamoja na vile vilivyojengwa na wakulima wenyewe tangu enzi za mkoloni, kama KNCU ya Kilimanjaro iliyoanzishwa mwaka 1933. Kwa hiyo kulikuwa na utawala uliosambazwa nchi nzima, na papo hapo mwananchi alikuwa amenyang'anywa vyombo viwili ambamo alikuwa na kura. Afisa alikuwa karibu zaidi naye kwa maili, siyo kwa uwajibikaji. Sheria za mwaka 1982 zilirudisha ushirika na serikali za mitaa, na mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alisema hadharani kwamba kama angeanza upya asingevivunja vyombo hivyo viwili.

Narefusha habari hiyo kwa makusudi. Wanaosifu mitandao isiyo na makao makuu wanapima jambo kwa ramani: mitambo ilikuwa mahali pamoja, sasa iko mahali elfu. Hicho ni kipimo cha mhandisi. Kipimo cha siasa ni kuuliza ni nani anaweza kumwondoa aliye juu yake, kwa njia gani, na mali inabaki kwa nani baada ya hapo.

Wapo wanaojibu kwamba wao hawataki viongozi kabisa, kwamba kanuni huru za mitambo zinatosha. Jo Freeman, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa katika harakati za ukombozi wa wanawake, alilijibu dai hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika insha yake juu ya udikteta wa kukosa muundo. Alionyesha kwamba kikundi kinachojigamba hakina viongozi kina viongozi, ila hawajulikani, na kwa kuwa hawajulikani hawaondoleki. Insha ile iliandikwa kabla ya kompyuta kuingia majumbani, lakini inaieleza Mastodon vizuri kuliko vitabu vingi vya leo. Kwa miaka mingi watumiaji waliomba wawezeshwe kunukuu andiko la mtu mwingine na kuliongezea maneno yao. Watu Weusi wa Marekani waliohamia kutoka Twitter walieleza kwamba huo ndio mtindo wao wa kujibizana na kujengana hoja. Rochko alikataa, akiamini kwamba kunukuu kunachochea ugomvi. Pengine alikuwa na hoja. Lakini programu ni huria, seva ni maelfu, na bado rai ya mtu mmoja katika Ujerumani ilitosha kuwazuia wengi, hadi chombo hicho kilipoongezwa mwaka 2025. Kwa heshima yake, katika mwaka huohuo alitangaza kwamba mali za mradi zitahamishiwa kwa taasisi isiyo ya faida, na mwezi Novemba akaachia uongozi. Aliachia kwa hiari yake. Hapakuwa na kikao ambacho kingeweza kumtaka aachie.

Suala la kazi ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo ambalo mfuasi wa ujamaa alipaswa kuanza nalo. Mazungumzo ya watu milioni hayajisafishi yenyewe. Lazima awepo mtu wa kutazama picha za mauaji na za watoto walioharibiwa, aziondoe kabla wengine hawajaziona. Katika mtandao wa kibepari kazi hiyo hufanywa na mtu wa mshahara, mbali na macho ya wenye hisa. Mwezi Februari 2022 gazeti la Time lilifichua kwamba vijana wa Kiafrika walioifanya kazi hiyo Nairobi kwa ajili ya Facebook, chini ya mkandarasi Sama, baadhi yao walikuwa wakilipwa dola moja na nusu kwa saa. Mwezi Mei mwaka huohuo mmoja wao, Daniel Motaung, alifungua kesi katika mahakama ya Nairobi. Huu ni unyonyaji wa wazi, hauhitaji maelezo.

Katika mitandao isiyo na makao makuu kazi ni ileile, isipokuwa mshahara umeondolewa. Anaifanya mtu wa kujitolea, usiku, baada ya kazi yake ya mchana. Tujiulize basi ni nani mwenye saa za ziada, umeme usiokatika, kadi ya benki ya kulipia seva kila mwezi, na moyo wa kutukanwa bure. Mkulima wa Newala hayumo. Mama lishe hayumo. Anabaki mtaalamu wa tabaka la kati wa miji ya kaskazini, naye bila kukusudia uovu wowote huandika sheria za baraza kwa kadiri ya adabu za mtaani kwake. Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 2022 Watu Weusi walioeleza ubaguzi waliotendewa waliambiwa wayafunike maandishi yao kwa onyo, yasije yakawaudhi wasomaji. Na seva ya Play Vicious, iliyoongozwa na Watu Weusi wenyewe, ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 2020 baada ya waendeshaji wake kuandamwa kwa muda mrefu. Ukikusanya kazi isiyolipwa na sheria zilizoandikwa na wenye nafasi, unapata klabu.

Juu ya mtaji sitasema mengi. Bluesky, mtandao ambao wazo lake lilizaliwa ndani ya Twitter mwaka 2019, hujitangaza kuwa wa umma. Mwezi Oktoba 2024 ulipokea dola milioni 15 kutoka kwa wawekezaji walioongozwa na Blockchain Capital. Mwekezaji hajaja kutoa sadaka. Nayo Meta, yenye Facebook, ilianza mwezi Desemba 2023 kuunganisha Threads na mitandao ya ActivityPub, na wasimamizi wengi wa seva ndogo wakaapa kumfungia mlango jitu hilo. Kiapo chao ni cha kishujaa, ila katika seva nyingi kilikuwa uamuzi wa mwenye nywila, siyo wa wanachama.

Wengine husahau pia kwamba seva haielei angani. Jina lake huweza kuwa la nchi fulani. Kwa muda mrefu majina ya intaneti yanayoishia na .ml, ambayo ni haki ya Mali, yaliendeshwa na mfanyabiashara wa Uholanzi na kugawiwa bure kwa yeyote duniani. Mkataba ulipokwisha mwezi Julai 2023 Serikali ya Mali ilichukua mali yake, na baadhi ya jumuiya za mitandao hii zilizokuwa zimepanga humo zikajikuta hazina anwani. Wenyewe walilalamika sana. Sikuona hata mmoja wao aliyeuliza kwa nini jina la taifa la Afrika lilikuwa mikononi mwa Mholanzi.

Hata hivyo si kila kitu katika fikra hii ni cha kutupwa. Ipo seva iitwayo social.coop, iliyoanza mwaka 2017, ambayo ni ushirika: wanachama wanachanga, wanajadili, wanapiga kura juu ya sheria na juu ya fedha. Ni ndogo, na lugha yake ni Kiingereza. Lakini imeshika mahali penye ufunguo, kwa kuwa imeanza na uanachama, ndipo ikaja mitambo. Jambo hilo sisi si wageni nalo. AMCOS na SACCOS zimeenea hadi vijijini, nazo zina vitabu, mikutano mikuu na wakaguzi, pamoja na wezi wake. Kikwazo kingine kiko kwetu wenyewe. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 zilimdai mwendesha blogu ada ambazo jumla yake kwa mwaka wa kwanza ilizidi shilingi milioni mbili. Zilifutwa mwaka 2020 zikaandikwa nyingine, lakini fikra iliyozizaa ni kwamba anayefungua baraza la mazungumzo ni mfanyabiashara mwenye leseni. Ushirika wa wanafunzi au wa wakulima wa korosho unaotaka seva yake haukufikiriwa. Hilo ni suala la vikao vyetu, na linaweza kuletwa na tawi lolote.

Vijana watakaolileta waje na rasimu ya katiba, siyo na orodha ya mitambo. Waeleze humo kiingilio ni kiasi gani na mwanachama asiye na kadi ya benki atakilipaje. Anayesafisha mazungumzo atalipwa nini, na atapumzika lini. Maandishi ya mwanachama anayehama yatakabidhiwa kwake kwa utaratibu gani. Na nywila za seva zitashikwa na watu wangapi, ili siku katibu akiondolewa na mkutano mkuu asiondoke nazo mfukoni.