Sentensi za Mtu wa Namagondo

Watoto wengi wa Ihembe, huku Karagwe, huanza kusema Kinyambo, kisha Kiswahili chenyewe hukolea wakifika darasani. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alipita njia hiyohiyo. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, na Kikerewe cha kwao ni ndugu wa karibu wa Kinyambo na Kihaya. Ndiyo maana namsoma kama mtu wa nyumbani. Kiswahili chake ni cha bara, kimenyooka, na kila neno limewekwa na mtu aliyelipima kwanza.

Wengi wanamjua kwa mzozo. Riwaya yake, Rosa Mistika, ilipotoka mwaka 1971, ilizua kelele hadi ikapigwa marufuku shuleni, kwa kuwa ilisema waziwazi mambo yanayowapata wasichana wakiwa masomoni. Watu wakabishana juu ya maadili, ufundi ukasahaulika. Mtazame Zakaria, babake Rosa: mlevi, tena mkali, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Mwandishi mwingine angesimama hapo atuhutubie juu ya malezi. Kezilahabi anasimulia kipigo, kisha anaendelea na safari. Hukumu anaiweka hadi mwisho kabisa, na hata hapo haitoi yeye: anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu. Kijana wa miaka 27 kuwa na subira ya namna hiyo si jambo dogo.

Katika Kichwamaji (1974) msimulizi ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu. Tunamkuta ofisini akisubiri kumwona Manase, mwenzake wa utotoni ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya. Hakuna maelezo marefu juu ya vyeo na utabaka. Kuna mtu kwenye kiti cha wageni, na mlango. Aliyewahi kungoja kuitwa na mkubwa aliyecheza naye uchi mtoni hahitaji kuongezewa neno.

Mwaka huohuo alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na wanajadi wakasema hayo si mashairi. Mimi niko upande wake, ingawa nayapenda sana ya kimapokeo. Hakukwepa kazi ya vina; alikuwa anaendeleza kazi aliyoianza kwenye nathari, ya kuondoa kila kisichobeba mzigo.

Halafu akatushangaza. Baada ya shahada ya uzamivu aliyoipata Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991). Ni vitabu vyembamba, vya kumaliza jioni moja, na msomaji hutoka amepotea. Wakati haujulikani, mahali hapajulikani, wahusika huja na kutoweka. Lakini sentensi ni zilezile za Namagondo! Msafiri wa Nagona hajui yuko wapi, ila kila hatua anayokanyaga tunaiona. Fumbo likiandikwa kwa lugha ya mafumbo huchosha upesi. Yeye aliliandika kwa lugha ya mtu anayekuelekeza kisimani.

Baadaye alifundisha Botswana miaka mingi, na alifariki Dar es Salaam Januari 2020. Kwa asiyemsoma bado, aanze na Kichwamaji, aisome polepole, kisha Rosa Mistika. Nagona isubiri, na ikifika zamu yake isomwe kwa sauti, mara mbili.